Mkia wa Hilux tupu kwenye mikunjo: bodi imetulia, tairi halishiki

Swali la msomaji: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina Hilux ya milango minne, 4x4, dizeli, gia za mkono, haina ABS (breki zisizofunga magurudumu). Nabeba asali kutoka vijiji vya Sikonge kuleta Tabora mjini, madumu 25 ya lita 20 kila safari. Nikirudi na mzigo gari linatulia vizuri. Nikienda tupu, kwenye changarawe yenye mikunjo kama bati, mkia unahama, na juzi kwenye kona nusura niingie mtaroni. Madereva wenzangu wananiambia nifike kilomita 80 kwa saa, gari litaelea juu ya mikunjo. Fundi anataka nibadilishe shokapu. Mwingine anasema niweke magunia ya mchanga nyuma. Matairi ya nyuma fundi pancha hunijazia upepo wa PSI 45 kwa sababu ya mzigo, na huwa sipunguzi. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Ndugu yangu, hiyo 45 uliyoitaja mwishoni kama jambo dogo ndiyo ya kuanza nayo. Kesho asubuhi, kabla gari halijatembea, ishughulikie kwanza. Fundi wako naye huenda ana haki, na nitakuonyesha namna ya kumhakiki bila kununua kitu. Magunia ya mchanga yanasaidia kidogo kwa masharti. Wenzako wa 80 wanasema kweli kuhusu kiti cha dereva, lakini hawasemi kweli kuhusu tairi, na hapo ndipo watu wanapopotea barabarani, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu kidogo.

Chukua mkanda wa kupimia, shuka kwenye gari mahali penye mikunjo mikali, pima kutoka kilele kimoja hadi kingine. Kwa kawaida utapata kati ya nusu mita na mita moja. Tuseme ni sentimita 80, na kina chake ni sentimita 4. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa gari linakwenda mita 8.3 kila sekunde, maana yake tairi linagongwa na vilele kama 10 kwa sekunde. Sasa, ekseli ya nyuma pamoja na difu, rimu na matairi yake ina mdundo wake wa asili, kama kitu kizito kilichobanwa katikati ya springi mbili: juu kuna springi za gari, chini kuna tairi lenyewe, ambalo nalo ni springi ya hewa. Mdundo huo kwa magari mengi uko kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ndiyo maana kati ya 30 na 45 gari hutetemeka mpaka dashibodi inalia: barabara inaisukuma ekseli kwa mdundo uleule inaoutaka yenyewe. Ukifika 80, vilele vinagonga karibu mara 28 kwa sekunde. Ekseli haiwezi tena kufuata, bodi haipati habari za chini, na wewe kitini unaona barabara imekuwa laini.

Huko chini kuna nini wakati huo? Tufanye hesabu ya gari lako likiwa tupu. Chukulia kila gurudumu la nyuma limebeba kilo 300 za bodi kupitia springi, na upande mmoja wa ekseli na gurudumu lake una uzito wa kilo 80. Tairi likiruka kilele, linavutwa chini na uzito wake na kusukumwa na springi iliyobanwa na zile kilo 300. Kwa jumla linarudi chini kwa kasi inayoongezeka kama mara 4.75 ya kitu kinachoanguka chenyewe. Ni nguvu kubwa, lakini muda hautoshi. Kwa 80, kutoka kilele hadi katikati ya bonde ni sehemu 18 za elfu za sekunde tu. Katika muda huo tairi linashuka karibu milimita 7.5. Bonde lina milimita 40. Halijafika hata robo ya njia, kilele kingine kimeshalipokea. Linagusa vichwa vya mikunjo, linaruka, linagusa, linaruka.

Kwa 40 muda ni mara mbili, na kwa kuwa mshuko unakua kwa mraba wa muda, tairi linashuka milimita 30. Kwa 20 linafika chini kabisa na kubaki na ardhi muda wote. Hesabu hii ni ya kurahisisha, maana springi inalegea kadiri tairi linavyoshuka na shokapu inalichelewesha, kwa hiyo hali halisi ya gari tupu ni mbaya kuliko namba hizi.

Sasa weka madumu yako 25. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ni karibu kilo 1.4, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 28 na mzigo wako ni kilo 700, si 500 kama wengi wanavyohesabu kwa lita. Zikikaa karibu na ekseli ya nyuma, kila springi ya nyuma inabeba kama kilo 650 badala ya 300. Gurudumu ni lilelile la kilo 80, lakini sasa linasukumwa chini kwa nguvu karibu maradufu. Kwa 80 linashuka karibu milimita 15, na kwa 40 linafika chini bila shida. Hilo ndilo jibu la kwa nini ukirudi na asali gari linatulia. Kinachoamua ni uwiano kati ya uzito ulio juu ya springi na uzito ulio chini yake.

Na tairi lililo hewani halina msuguano. Halifungi breki wala halikati kona. Kwenye changarawe ya kawaida, tairi likikanyaga muda wote, mshiko ni kama 0.45 ya uzito lililoubeba, kwenye lami kavu ni kama 0.8. Mshiko huo ni mmoja tu, na breki, kona na mafuta vyote vinakula humohumo. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 60, kwa mshiko wa 0.45, inapitika kwa 58 hivi, na hapo hujabakiza chochote cha breki. Tairi likiwa hewani nusu ya muda, tuseme mshiko unabaki nusu, kona hiyohiyo kikomo chake ni 41. Kwa hiyo dereva anayekuja 55 na kupita salama kila siku pakiwa palaini, siku mikunjo ikijijenga kwenye kona ile, mkia unatoka naye hajabadilisha kitu.

Mkia ndio unaoanza kwa sababu pua ya pikapu ina injini, magurudumu ya mbele yana mzigo wake hata gari likiwa tupu, na kwa Hilux nyingi kila moja linapanda na kushuka peke yake. Nyuma kuna ekseli moja nzito, na gurudumu la kulia likirushwa linaliyumbisha la kushoto.

Hesabu za breki nazo uzijue kwa moyo. Nikichukua mshiko wa 0.45 na sekunde moja na nusu ya kushtuka na kuhamisha mguu: kwa 40 unasimama ndani ya mita 31, kwa 60 mita 57, kwa 80 mita 89. Hapo nimeihesabu changarawe tambarare. Juu ya mikunjo, ongeza. Sasa kumbuka nini kinatoka porini kule kwenu: baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, mifugo inayovuka bila haraka, watoto wa shule. Mita 89 kwenye njia inayopinda katikati ya miombo huzioni.

Turudi kwenye upepo. Tairi la 45 likiwa tupu ni gumu kama gogo. Badala ya kumeza ncha ya mkunjo, linaipeleka yote kwenye ekseli, ekseli inarushwa juu zaidi. Na eneo linalogusa ardhi ni dogo, katikati tu ya tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi la nyuma kwa upana wake: kama katikati pameliwa kuliko pembeni, hiyo ni hesabu ya upepo mwingi. Kisha pitisha kiganja kwa kuzunguka tairi, ukifuata mzunguko wake. Kama unasikia vilima na mabonde, kashata moja juu na nyingine chini, tairi limekuwa likidundadunda kwa muda mrefu, na hapo shokapu ziko kwenye orodha ya watuhumiwa.

Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo. Kwa Hilux nyingi namba ya gari tupu iko kati ya 29 na 32, na namba ya nyuma yenye mzigo kamili iko juu zaidi. Kibandiko ndicho hakimu, fundi pancha hajui gari lako limebeba nini kesho. Ukiwa tupu na unaingia changarawe, shuka kwa asilimia 15 hivi chini ya kibandiko: kama kinasema 30, weka 26 nyuma na 27 mbele. Usiende chini ya 24 kwenye changarawe yenye mawe, kwa sababu ubavu wa tairi unatoka nje na jiwe linaukata, na rimu inapinda kwenye shimo. Mchanga mzito wa kiangazi ni habari nyingine, pale unaweza kufika 18 au 20 ilimradi usizidi 30 kwa saa na ujaze ukitoka. Na upepo wa 26 haukuruhusu kukimbia, 60 ndiyo mwisho, kwani ubavu unaojikunja sana unazalisha joto, na joto ndilo linalopasua tairi.

Kabla ya kupakia asali, rudisha kwenye namba ya mzigo. Kubeba kilo 700 juu ya tairi la 26 ni kosa baya kuliko la sasa. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe, kwani geji za kompresa za barabarani nyingi zimeangushwa mara nyingi mno. Ukipima katikati ya safari utakuta imepanda 4 au 5, acha hivyo, usitoe. Ikiwa imepanda zaidi ya 6, ama ulianza na upepo mdogo kwa mzigo ule au mwendo umezidi.

Shokapu. Watu hukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linadunda mara ngapi. Kwa pikapu yenye springi ngumu kipimo hicho hakikuambii kitu. Kipimo kizuri ni joto. Kazi ya shokapu ni kugeuza mdundo kuwa joto ndani ya mafuta yake. Endesha kilomita 15 au 20 kwenye mikunjo, simama, dondoshea kila shokapu maji kidogo kabla ya kugusa, maana inaweza kukuunguza. Zinazofanya kazi zitakuwa na moto. Ile iliyobaki vuguvugu wakati mwenzake wa upande wa pili anachemka, hiyo imekufa. Kama mbili za nyuma zote ni baridi, fundi wako amesema kweli. Angalia pia mafuta yaliyovuja na kushika vumbi kwenye bomba lake, na bushi za juu na chini: bushi iliyoliwa inaiacha shokapu icheze sentimita moja kabla ya kuanza kazi, na mikunjo kina chake ni sentimita 4 tu. Badilisha mbili kwa pamoja, za ekseli moja. Usinunue ngumu kupita kiasi ukidhani ngumu ndiyo imara, kwani shokapu ngumu inalizuia gurudumu kushuka, na tumeshaona muda wa kushuka ni mdogo.

Hapa niulize: je, kuna mtu ameongeza vyuma kwenye springi za nyuma ili zihimili mzigo? Wabeba mizigo wengi hufanya hivyo. Springi ngumu ikibebeshwa bodi tupu inabonyea kidogo tu, tuseme sentimita 3. Gurudumu likishuka sentimita 3 springi imeshaishiwa nguvu, haisukumi tena, na bonde bado linaendelea. Ukiwa unakwenda tupu nusu ya safari zako, bora springi za kiwango cha kiwandani zilizo nzima kuliko zilizoongezwa chuma. Kilo 700 ni mzigo ambao Hilux ya milango minne inaumudu ikiwa abiria ni wachache, ila soma kadi ya gari na uhesabu na watu.

Jambo la springi linagusa breki pia. Lala chini ya gari, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Utaona fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chesi. Mzigo ukikandamiza bodi, fimbo inaiambia vali ipeleke nguvu zaidi nyuma. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, vali inapunguza. Fimbo hiyo ikiganda kwa kutu katika hali ya mzigo, au mtu akiifunga kwa waya, magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza ukikanyaga breki ukiwa tupu, na gari ambalo nyuma imejifunga huku mbele inazunguka linageuka kichwa nyuma mkia mbele. Kinyume chake, springi zikiinuliwa kwa vyuma vya ziada, vali inaona gari tupu siku zote, na ukiwa na asali breki za mbele zinafanya kazi peke yake mpaka zinanuka. Ipime hivi: uwanja wa changarawe ulio wazi, gari tupu, 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu, msaidizi asimame pembeni mbali akitazama. Za mbele zinapaswa kujifunga kabla ya za nyuma. Zikitangulia za nyuma, usiendelee na safari mpaka vali irekebishwe.

Ukiwa bado chini, kaza nati za yuboti zinazoshika ekseli kwenye springi, mikunjo huzilegeza. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto. Tofauti ikifika sentimita moja, huenda boliti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imehama, na gari linatembea upande kama kaa. Gari kama hilo mkia wake hautatulia hata ulipe tairi upepo gani.

Magunia: kilo 100 hadi 150 zinatosha, ziwekwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na zifungwe kwa kamba kwenye ndoano za bodi. Watu huziweka mlangoni nyuma kabisa. Hapo uzito uko mbali na katikati ya gari, mkia ukianza kwenda unavutwa na gunia kama kichwa cha nyundo, na kuurudisha inakuwa kazi. Gunia lisilofungwa nalo, ukigonga kitu, linakuja kwenye kioo cha nyuma. Mimi ningeanza na upepo na shokapu, na huenda usihitaji mchanga kabisa.

Uendeshaji sasa. Ukitoka lami na kuingia changarawe ukiwa tupu, tia 4H, yaani magurudumu yote manne kwa gia ya kasi. Kama vikombe vya mbele (habu) ni vya kuzungusha kwa mkono, shuka uvifunge kwanza. Kazi ya injini, ya kuvuta na ya kuzuia, inagawanywa kwa magurudumu manne na mkia unapumzika. Ondoa ukifika lami. Kwenye mikunjo iliyonyooka, 50 hadi 60 inavumilika, tafuta ukingo wa barabara ambako haijajijenga sana. Kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, shuka mpaka 25, pita haraka ule ukanda wa 45 hadi 30 unaotetemesha, ingia kona bila breki, kisha mafuta kidogo kidogo ukinyoosha.

Mkia ukitoka, achia mafuta taratibu, mguu uwe mbali na breki, kanyaga klachi kama uliteleza kwa kushusha gia, geuza usukani kuelekea upande mkia ulikokwenda, macho yako kwenye njia unayotaka kwenda. Anza kunyoosha usukani mapema, kabla gari halijanyooka lenyewe. Wengi huokoka mtelezo wa kwanza na kupinduka kwenye wa pili, wa upande mwingine, kwa sababu walichelewa kunyoosha.

Kuhusu mazoea ya barabarani nitasema wazi. Dereva wa 80 husifiwa na abiria kwa sababu gari lake haliwatetemeshi, na anayekwenda taratibu huambiwa hajui gari. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio yao ya gurudumu linalotembea juu ya mchanga uliowekwa kwenye meza inayozunguka. Mikunjo ilijitokeza yenyewe gurudumu lilipopita kasi fulani, hata lilipokuwa halina springi, na chini ya kasi hiyo mchanga ulibaki tambarare. Kwa hiyo mwendo unaotafutwa kama dawa ya mikunjo ndio unaoitengeneza, na greda likipita leo, trafiki ileile inairudisha. Vumbi nalo: ukifuata fuso na unaona mita 30 tu mbele, mwendo wako salama ni 35, si zaidi, hata kama nyuma kuna anayepiga honi. Kulipita lori ndani ya vumbi lake ni kuingia upande wa kulia bila kuona anayekuja.

Ili upunguzaji na ujazaji wa upepo usiwe mzigo, nunua kompresa ndogo ya volti 12, ile inayoshika kwenye betri kwa vibano na si ya kuchomeka pa kuwashia sigara, kwa sababu fyuzi ya pale hukatika. Iwashe injini ikiwa inaunguruma. Jaza ya nyuma kwanza, wakati vijana wanafunga vifuniko vya madumu, na ukague kama vali za tairi zina kofia zake, maana vumbi la kiangazi likiingia kwenye sindano ya vali, upepo utavuja usiku kucha na asubuhi utamlaumu mtu mwingine.